Ringi za nguzo pale nguzo inapokutana na slabu: dalili za kasoro, sababu zake na marekebisho

Katika majengo ya ghorofa chache yanayojengwa kila siku Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na Mombasa, kasoro nyingi za ringi (nondo nyembamba zinazozungushwa kufunga nondo za wima za nguzo) hazipatikani katikati ya nguzo, bali katika kipande kifupi kinachoanza chini kidogo ya slabu na kuishia juu kidogo yake. Chanzo kikubwa ni mpangilio wa kazi wenyewe. Fundi nondo hufunga nguzo hadi usawa wa chini wa slabu, boksi la kumwagia zege hufungwa na zege la nguzo humwagwa. Baadaye seremala huseti slabu, nondo za slabu hutandazwa, na kile kipande cha nguzo kinachopita ndani ya slabu hubaki bila mtu anayekihesabu kuwa ni kazi yake. Wa nguzo anaona amemaliza, na wa slabu anaona hakuagizwa ringi.

Ringi ina kazi tatu. Huzuia nondo za wima zisipinde kwenda nje zinapobanwa na uzito, hukumbatia zege la ndani ili liendelee kubeba hata linapoanza kupasuka, na hupokea msukumo wa pembeni mahali ambapo nondo ya wima imekunjwa. Kazi zote hizi huwa nzito zaidi karibu na slabu, kwa sababu hapo ndipo nguzo hupata nguvu kubwa ya kupindwa, na hapo ndipo nondo za chini hulazwa pamoja na za juu.

Mchoro wa mhandisi ndio wenye kauli ya mwisho kuhusu nafasi za ringi, lakini msimamizi anayejua hesabu iliyo nyuma yake hatadanganyika kirahisi. Chukua nguzo ya milimita 300 kwa 300 yenye nondo nne za milimita 16 na ringi za milimita 8. Kanuni ya Uingereza ya BS 8110, ambayo bado inatumiwa na wahandisi wengi wa Afrika Mashariki, hairuhusu nafasi izidi mara 12 ya kipenyo cha nondo ndogo ya wima, yaani milimita 192. Eurocode 2, kanuni ya Ulaya, inaruhusu hadi milimita 300 katikati ya nguzo hiyo, lakini inaitaka nafasi ipunguzwe hadi asilimia 60, yaani milimita 180, katika umbali unaolingana na upande mkubwa wa nguzo juu na chini ya slabu au boriti. Kanuni ya Marekani ya ACI 318 inafikia takriban milimita 250, ila inataka ringi ya kwanza isiwe juu ya slabu kwa zaidi ya nusu ya nafasi hiyo, na ya mwisho isiwe chini ya nondo za chini kabisa za slabu kwa zaidi ya nusu vilevile. Kanuni hizi hazifanani kwa tarakimu, lakini kwa zote eneo la karibu na slabu si mahali pa kuachia nafasi kubwa kuliko kwingine.

Dalili ya kwanza: nondo za slabu zimetandazwa, na ndani ya unene wa slabu hakuna ringi hata moja

Hii ni kasoro inayoonekana mara nyingi, na habari njema ni kwamba ikionekana kabla ya zege kumwagwa hurekebishika kwa saa chache. Sababu ya kawaida zaidi ni kwamba ringi zilikuwapo, au zilikatwa tayari, lakini fundi alizisukuma juu au kuziondoa ili nondo za slabu au za boriti zipate njia ya kupita. Sababu inayofuata ni mchoro usiosema lolote: jedwali la nondo linaonyesha ringi za nguzo kutoka sakafu hadi chini ya slabu, kisha linaanza tena juu ya slabu, na fundi hufuata alichokiona. Ya tatu, ambayo si nadra kwa mafundi wazoefu, ni imani kwamba slabu yenyewe inaikumbatia nguzo kiasi cha kutosha.

Imani hiyo ina ukweli ndani yake, na kwa hiyo inahitaji kujibiwa kwa uangalifu. Nguzo ya ndani ya jengo, iliyozungukwa na slabu au boriti pande zote nne, inapata msaada wa kweli kutoka kwa zege linaloizunguka, na zipo hali ambazo mhandisi anaruhusu ringi zipungue hapo. Nguzo ya ukingoni ina upande mmoja usio na chochote cha kuushika, na nguzo ya kona ina pande mbili. Upande huo ulio wazi ndiko nondo za wima zitakakosukumwa kutoka, na hakuna zege la slabu litakalozizuia. Kwa maoni yangu, nguzo ya ukingoni au ya kona isimwagiwe zege kamwe bila ringi ndani ya unene wa slabu, hata mchoro ukiwa kimya. Mchoro ukiwa kimya, mhandisi ndiye wa kuulizwa, wala ukimya wake usichukuliwe kuwa ni ruhusa.

Ukaguzi wake ni mwepesi. Simama kwenye kila nguzo, tazama chini kati ya nondo za wima, na hesabu ringi zilizo kati ya mbao za chini ya slabu na nondo zake za juu. Anza na nguzo za kona, fuata za ukingoni, malizia za ndani. Kwa slabu ya milimita 150 utatarajia ringi moja au mbili. Penye boriti yenye kina cha milimita 450 zitakuwa tatu au zaidi kulingana na nafasi iliyopangwa.

Katika kurekebisha, njia sahihi ni kufungua waya wa nondo za slabu zinazopita katikati ya nguzo, kuzivuta nje, kuteremsha ringi kutoka kwenye ncha za juu za nondo za wima, kuzifunga mahali pake, kisha kurudisha nondo za slabu. Ni kazi yenye usumbufu, hasa penye boriti zinazokutana, ndiyo maana wengi huikwepa. Zipo njia za mkato zinazotumika sana: vipande viwili vya umbo la U vinavyochomekwa kutoka pande mbili, au ringi iliyochanuliwa na kuzungushwa kwa mkono. Vipande vya U havifungi nguzo ipasavyo isipokuwa vilazane kwa urefu wa kutosha, na katika nguzo ya milimita 300 urefu huo kwa kawaida haupatikani. Visitumike bila mhandisi kuvichora na kuviidhinisha. Kinga ya kasoro hii ni kuzivisha ringi hizo kwenye nondo za wima mapema, zikining'inizwa juu kwa waya, kabla nondo ya kwanza ya slabu haijapitishwa.

Ikiwa zege limekwisha kumwagwa, usichimbe ili kuchomeka ringi. Kifaa cha kutambua nondo ndani ya zege kinaweza kuthibitisha kama ringi zipo au hazipo, na baada ya hapo uamuzi wa kuizungushia nguzo koti jipya la zege na nondo, kuifunga kwa mabamba ya chuma au kuibomoa ni wa mhandisi wa miundo aliyesajiliwa. Ujenzi wa ghorofa inayofuata usimame hadi uamuzi huo utolewe kwa maandishi.

Dalili ya pili: ringi ya kwanza juu ya slabu iko mbali mno

Mara nyingi mwenye kosa ni kika, yaani kile kitako kifupi cha zege kinachomwagwa juu ya slabu ili boksi la nguzo lipate pa kushikia. Fundi huhesabu nafasi kuanzia juu ya kika badala ya kuanzia juu ya slabu, na kwa kuwa kika chenyewe hakikuwekewa ringi, pengo linafika milimita 250 au zaidi. Mara chache zaidi, ringi iliwekwa mahali pake lakini ikasukumwa juu na watu waliokuwa wakisafisha uso wa slabu au wakisogeza boksi.

Pima kwa tepu kutoka uso wa slabu hadi katikati ya ringi ya kwanza. Mazoea mazuri ni kuiweka milimita 50 kutoka usoni, hata kama itaangukia ndani ya kika, na kuendelea na nafasi zilizobanwa hadi mwisho wa eneo lililotajwa kwenye mchoro. Maadamu boksi halijafungwa, ongeza ringi inayokosekana na ufunge kila kona kwa waya. Kika kikiwa kimekwisha kukauka bila ringi, mwarifu mhandisi. Mara nyingi atataka kika hicho kivunjwe kwa mkono na kumwagwa upya, jambo ambalo si gharama kubwa likifanywa siku hiyo hiyo.

Dalili ya tatu: nondo zilizochomoza juu ya slabu zimehama kutoka mahali pake

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa marekebisho mabaya ya kasoro hii huleta hatari kubwa kuliko kasoro yenyewe. Zege la slabu likishakauka, uzi unapovutwa unaonyesha kwamba nondo moja au mbili za nguzo zimeingia ndani au zimetoka nje kwa sentimita kadhaa, na boksi haliwezi kukaa bila kuzigusa.

Sababu ya kwanza kwa wingi ni kukosekana kwa ringi za kushikilia juu ya slabu wakati wa kumwaga. Nondo nne zilizosimama bila kufungwa pamoja huyumba kila zinapoguswa. Zikifungwa kwa ringi mbili zenye vipimo sahihi, moja karibu na uso wa slabu na nyingine nusu mita juu yake, huhama kwa shida. Sababu ya pili ni vaibreta (mashine ya kutikisa zege) kuegemezwa kwenye nondo, au zege kutoka kwenye pampu kumwagwa upande mmoja wa nguzo hadi likasukuma. Ya tatu ni ringi kukunjwa kwa vipimo visivyo sahihi, kiasi kwamba nondo zilikuwa mahali pabaya tangu mwanzo. Ya mwisho, iliyo nadra lakini mbaya zaidi, ni nguzo ya chini yenyewe kutokuwa wima. Ndiyo maana timazi ishushwe kwenye nguzo ya chini kabla ya kumlaumu aliyemwaga slabu.

Ukaguzi wa awali ni kupima kila nondo kutoka kwenye mistari ya katikati ya nguzo, na kuandika imehama kwa kiasi gani na kuelekea wapi. Mhamo mdogo ambao bado unaacha kava iliyopangwa (unene wa zege linalofunika nondo) hauhitaji kukunja chochote. Mhamo mkubwa kuliko huo unaweza kurekebishwa kwa kuilaza nondo kidogo kidogo, ikiwa mhandisi ameridhia, kwa mteremko usiozidi 1 kwa 6: nondo iliyohama milimita 40 irudishwe katika urefu usiopungua milimita 240. Kuikunja ghafla kwa bomba pale pale inapotoka kwenye zege, kama inavyofanyika mara nyingi, huipasua slabu kwenye shina la nondo na kuiacha nondo na jeraha lisiloonekana. Kuichoma kwa moto ili ilainike ni marufuku, kwani joto hilo huweza kubadilisha nguvu ya chuma, na hakuna wa kupima hilo eneoni.

Jambo linalosahaulika ni kwamba nondo iliyolazwa husukuma pembeni kila inapobeba uzito, na msukumo huo lazima upokewe na ringi. Nondo ya milimita 16 yenye nguvu ya megapaskali 460 inaweza kubeba takriban kilonyutoni 92. Kwa mteremko wa 1 kwa 6, sehemu ya sita ya nguvu hiyo, karibu kilonyutoni 15, inasukuma kwenda nje penye mkunjo. ACI 318 inataka ringi za hapo ziweze kupokea mara moja na nusu ya msukumo huo, yaani kilonyutoni 23 kwa nondo moja, na 46 kwa nondo mbili za upande mmoja. Ringi ya milimita 8 ya chuma laini cha megapaskali 250 ina miguu miwili inayovuta upande huo, kila mmoja ukibeba chini kidogo ya kilonyutoni 13, hivyo ringi moja inafikia 25 tu. Zinahitajika mbili, zikiwa ndani ya milimita 150 kutoka penye mkunjo. Sijawahi kuona hesabu hii ikifanywa na fundi, wala si haki kumtarajia aifanye. Lakini msimamizi aliyemruhusu kukunja nondo anawajibika kuhakikisha ringi hizo mbili zimefungwa.

Simamisha kazi na umwite mhandisi ikiwa uso wa nguzo ya juu umehama kutoka ule wa chini kwa milimita 75 au zaidi. Hapo nondo hazikunjwi. Huwekwa nondo nyingine zilizonyooka, zikalazwa sambamba na za nguzo kwa urefu atakaoukokotoa yeye. Vilevile simama ikiwa slabu imepasuka kuzunguka nondo, au ikiwa mtu amekwisha kuikata nondo iliyohama.

Dalili ya nne: ringi zimelegea, zimeteleza au kulabu zake zimefunguka

Ringi zilizoteleza hadi chini kwa kawaida zilifungwa kwa waya kwenye kona mbili tu. Zifungwe kona zote nne, angalau katika lile eneo la karibu na slabu, na kulabu, yaani ncha za ringi zilizokunjwa, zizungushwe kutoka kona hadi kona badala ya kupangwa zote upande mmoja, maana kulabu zikijipanga wima kwenye kona moja ni sawa na kuipa nguzo mshono dhaifu kuanzia chini hadi juu.

Mkunjo wa kulabu ni suala zito zaidi. Kulabu ya nyuzi 90 ni rahisi kukunja na rahisi kupitisha, ndiyo sababu imeenea, lakini mkia wake unalala kwenye kava. Kava likibanduka, hauna tena cha kuushika. Kulabu ya nyuzi 135 huingiza mkia ndani ya kiini cha nguzo, na hapo hubaki imeshika. Tetemeko la San Fernando, California, la tarehe 9 Februari 1971 lilionyesha jambo hili kwa uwazi katika hospitali ya Olive View: nguzo zilizozungushiwa nondo ya mviringo yenye mizunguko iliyokaribiana ziliendelea kushika kiini chake hata baada ya kuinama sana, ilhali nguzo za kona zilizokuwa na ringi za kawaida zilisambaratika.

Nasi tunaishi kando ya Bonde la Ufa. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliharibu nyumba nyingi Bukoba na vijiji vyake, na Bukavu ilitikiswa na tetemeko la ukubwa kama huo mwezi Februari 2008. Katika maeneo hayo mhandisi anayefuata Eurocode 8, kanuni ya Ulaya ya majengo ya maeneo ya matetemeko, ataitaka kulabu ya nyuzi 135 yenye mkia usiopungua mara 10 ya kipenyo cha ringi, yaani milimita 80 kwa ringi ya milimita 8, na nafasi za ringi kwa nguzo yetu ya mfano zitashuka hadi karibu milimita 120 katika urefu usiopungua milimita 450 juu na chini ya slabu. Ukaguzi hauhitaji kifaa: chukua ringi moja kutoka kwenye rundo kabla haijafungwa, pima mkia, tazama mkunjo. Rundo zima likiwa na kulabu fupi za nyuzi 90 ilhali mchoro unasema 135, lirudishwe. Kuzikunja upya zikiwa tayari kwenye nguzo huvunja waya na kuhamisha nondo.

Dalili ya tano: boksi limefunguliwa na kichwa cha nguzo kina mashimo kama sega la nyuki

Sababu ya kawaida ni msongamano. Lapu ya nondo za wima (pale za chini zinapolazwa pamoja na za juu), ringi zilizobanwa na nondo za boriti kutoka pande mbili au nne zinakutana mahali pamoja, na kokoto za milimita 20 hazipati njia. Kanuni zinataka nafasi wazi kati ya nondo isipungue ukubwa wa kokoto na milimita 5 juu yake, yaani milimita 25 katika mfano huu. Sababu zinazofuata ni vaibreta kutofika chini, zege kavu mno, na mbao za boksi kuvujisha maji ya saruji.

Gonga kwa nyundo ndogo na usikilize: mlio wa utupu unamaanisha kasoro imeingia ndani kuliko inavyoonekana. Mashimo ya juu juu, yasiyofikia nondo, hukwanguliwa hadi kwenye zege zima, huoshwa na kuzibwa kwa mota isiyosinyaa. Ringi zikionekana, au patasi ikiingia nyuma ya nondo, usizibe. Kuziba kwa saruji kabla mhandisi hajaona ni kuficha ugonjwa, na kwa bahati mbaya ndilo jambo la kwanza linalofanywa baada ya boksi kufunguliwa.

Kwa slabu inayofuata, dawa si kupunguza ringi. Mwombe mhandisi aihamishe lapu kutoka kwenye makutano, aruhusu kokoto ndogo za milimita 10 kwa kipande hicho, au abadilishe nondo nyingi nyembamba kwa chache nene.

Dalili ya sita: nyufa za wima au kubanduka kwa zege chini tu ya slabu

Katika jengo la miaka mingi, hasa la pwani, kutu ndiyo sababu ya kwanza ya kufikiriwa. Ringi ndiyo chuma kilicho karibu zaidi na uso wa nguzo, kwa hiyo ndiyo hupata kutu mapema, na ufa wake mara nyingi hulala mlalo kwa kufuata ringi kabla haujageuka wa wima kando ya nondo. Inayofuata ni kava ndogo kwa sababu vitalu vya kushikilia nondo havikuwekwa kwenye kichwa cha nguzo. Ringi zilizoachana mno au zisizokuwapo kabisa ndizo sababu ya tatu kwa wingi, lakini ndizo za kwanza kwa hatari.

Weka alama ya penseli kwenye ncha za ufa pamoja na tarehe, na utazame kama unakua. Hayo ndiyo pekee yanayomhusu mwenye jengo. Nondo ya wima ikionekana imepinda kwenda nje kati ya ringi mbili, ufa ukiwa wa mshazari, vipande vya zege vikianguka, au milango iliyo karibu ikianza kubana, watu watoke ndani mara moja na wasirudi kuchukua vitu. Uwekaji wa mirunda au jeki za chuma chini ya slabu uongozwe na mhandisi, kwa sababu tegemeo lililowekwa mahali pasipostahili linaweza kuivunja slabu. Tanzania, mhandisi huyo awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na Kenya na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Omba kuona namba yake ya usajili kabla hajaanza kazi, na umkabidhi michoro ya awali pamoja na picha zozote zilizopigwa kabla slabu haijamwagwa, kwa kuwa ndizo zitakazomwonyesha haraka zaidi kama ringi zilikuwapo.